Panga Ukianzia Siku ya Kutoka: Mwongozo wa Kuendesha Programu ya Urekebishaji kwa Wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo

Maswali ya kuwasaidia wanaotoka gerezani naulizwa kila mwaka, na yanazidi kila inapokaribia Januari, mwezi wa msamaha wa Rais. Kijana wa jumuiya ya shehia (mtaa au kijiji kilicho chini ya sheha) huniambia, "Tuna cherehani tatu, tunataka kuwasaidia wanaotoka Chuo, tuanzie wapi?" Ustadhi wa madrasa huuliza, "Nimeruhusiwa kuingia kutoa darsa, niongeze nini?" Na bi mmoja wa kikundi cha mwani aliwahi kunipigia usiku: "Mdogo wangu anatoka mwezi ujao. Tunampokeaje?" Majibu nimeyaweka hapa pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kwetu Zanzibar gereza ni Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa anaitwa mwanafunzi. Nalipenda sana jina hilo kwa sababu linatudai. Mwanafunzi akimaliza lazima awe na kitu alichokipata. Ndiyo maana nakusihi upange programu ukianzia siku atakayotoka, kisha urudi nyuma hadi leo. Wengi huanza na ratiba ya darasa, na siku ya kutoka ikifika huwakuta hawana jibu.

Mimi pia nilianza hivyo. Kundi langu la kwanza lilikuwa na vijana 12, tukawafundisha ushoni miezi sita kwa cherehani za umeme. Walishona vizuri mno. Walipotoka, tisa kati yao walirudi vijijini, kwenye nyumba zisizo na umeme wala cherehani ya kukanyaga. Kabla mwaka haujesha niliwakuta wawili ndani tena. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kushona najua. Nishonee wapi?" Swali lile ndilo lililobadilisha kazi yangu yote.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Ruhusa ya maandishi kutoka uongozi wa Vyuo vya Mafunzo, inayotaja siku, saa, majina ya watakaoingia na vifaa mtakavyobeba. Sindano, mkasi na patasi vitajwe kimoja kimoja.
- Ofisa mmoja wa ndani anayeijua programu na kuiamini, na wa pili wa kushika nafasi yake akihamishwa.
- Watu wawili wa kuendesha kila kikao. Upande wa wanawake waendeshe wanawake.
- Daftari la kumbukumbu linalokaa kwenye kabati lenye kufuli. Mambo ya mtu hayazungumzwi barazani.
- Namba za simu za masheha, ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, kliniki na mafundi wanaokubali kupokea vijana.
- Mfuko mdogo wa nauli. Usiuone mdogo, utakuja kuona kazi yake.
- Kalenda yenye mwezi wa Ramadhani, siku za bamvua (bahari inapopwa na kujaa sana) na msimu wa karafuu. Ukipanga bila hiyo utajikuta unafundisha chumba kitupu.

Hatua ya 1: Chagua watu unaowahitaji, hata kama si watu wepesi

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuwachukua wapole. Wanasalimia vizuri, wanakaa mbele, na picha zinapendeza. Lakini utafiti wa miaka mingi kuhusu urekebishaji umeonyesha kwamba programu nzito humsaidia zaidi aliye katika hatari kubwa ya kurudia kosa. Mtu wa hatari ndogo ukimtia kwenye programu nzito pamoja na wazoefu, unaweza kumharibu. Aliyeingia kwa kosa moja la ghadhabu, ana mke, ana shamba na kijiji kinamsubiri, mpe kazi na darsa, mwache aende zake.

Anza na mtu aliyeingia mara ya pili au ya tatu. Kundi liwe la watu 8 hadi 12. Wakizidi 12 wengine watakuwa wanasikiliza tu.

Tahadhari: mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, hachanganywi na watu wazima. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011 ina utaratibu wake. Kesi ya mtoto ipeleke kwa ofisa wa ustawi wa jamii, usiibebe peke yako.

Hatua ya 2: Mjue mtu kabla ya kumfundisha

Kaa na kila mmoja peke yake, saa nzima, kabla kikao cha kwanza hakijafanyika. Usimuulize, "Kwa nini uliiba?" Utajibiwa, "Shetani alinipitia," na mazungumzo yataishia hapo. Muulize, "Siku ile asubuhi uliamkia wapi? Ulikuwa na nani? Mfukoni ulikuwa na shilingi ngapi?" Mtu akianza kusimulia asubuhi yake, atakufikisha mwenyewe mpaka kwenye kosa.

Sikiliza mambo manane: historia yake ya makosa, fikra zinazomhalalishia kosa, wepesi wake wa kukasirika au kukurupuka, marafiki, familia, kazi au skuli, namna anavyopitisha muda wake mtupu, na ulevi au unga (heroini). Historia huwezi kuibadilisha. Saba zilizobaki zinabadilika, na ndizo kazi yako. Weka alama kwenye mbili au tatu zilizo nzito zaidi kwake. Ukitaka kuzitibu zote kwa mara moja hutatibu hata moja.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya siku ya kutoka

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika Kanuni ya 107 kwamba mustakabali wa mtu baada ya kutoka ufikiriwe tangu mwanzo wa kifungo chake. Ya 108 inataja hata vitu vyenyewe: vitambulisho, makaazi na kazi, nguo zinazofaa, na uwezo wa kufika anakokwenda.

Chukua karatasi moja, andikeni pamoja naye:

1. Usiku wa kwanza atalala wapi? Jina la mwenye nyumba, na awe amekubali mwenyewe kwa mdomo wake.
2. Nani atampokea langoni?
3. Nauli ni kiasi gani, na ipo kwa nani?
4. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiko wapi? Kama kimepotea, anza kukifuatilia sasa kwa sheha wake.
5. Anatumia dawa gani, na atazichukua wapi kesho yake?
6. Kazi gani, kwa nani, kuanzia lini?
7. Ni maskani gani (vijiwe vya vijana) na watu gani hawezi kukaa nao siku 90 za mwanzo?

Kijana mmoja wa Pemba alimaliza kifungo Unguja wakati sisi tunajisifu kwamba amehitimu vikao vyote. Nauli hatukuwa tumeipanga. Alifika bandarini Malindi na mfuko wa plastiki wenye kanzu na jozi ya kandambili, boti ya Mkoani akaiona inaondoka. Aliyemsaidia usiku ule ni rafiki wa zamani, na msaada wake ulikuwa na bei. Nikiikumbuka siku hiyo mpaka leo naumia, kwa sababu alichokosa ni tiketi moja ya boti.

Tahadhari: kila Januari, kwenye Sikukuu ya Mapinduzi ya tarehe 12, Rais wa Zanzibar hutoa msamaha kwa baadhi ya wanafunzi. Mwanafunzi wako anaweza kutoka miezi kadhaa kabla ya tarehe uliyoiandika. Karatasi hii ikamilike ndani ya wiki nne za kwanza, usiiwekee mwisho wa programu.

Hatua ya 4: Chagua kazi inayolipa kule anakokwenda

Jiulize kijiji chake kinakula kutokana na nini. Anayerudi pwani ya mashariki ya Unguja atakuta mwani: unafungwa kwenye kamba na kuvunwa baada ya wiki sita hivi, na kazi yake hufuata bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Anayerudi Wete au Mkoani, Pemba, atakuta karafuu, na aliyejua kuchambua na kuanika vizuri hakosi mtu wa kumwita msimu ukiwadia. Anayebaki Mjini ana nafasi zaidi kwenye uashi, useremala, uchomeleaji na mafundi wa pikipiki.

Kwa muda wa ndani, hakuna kazi niliyoiona ikitulia mikononi mwa watu kama kofia za viua. Haihitaji umeme. Inataka kitambaa, uzi, sindano na macho. Fundi huchora nakshi, kisha kila kiua ni tundu dogo linalotobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukae imara. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi. Nilikuwa na kijana aliyeacha unga, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha chai hakishiki sawa. Wiki ya kwanza alishona viua vinne, vyote vimepinda, akavifumua mwenyewe. Wiki ya tano alivihesabu mbele yangu, kimoja kimoja, kwa ncha ya sindano, na hakuna kilichopinda. Kitu kile hukipati kwa hotuba.

Kwa fani nyingine, zungumza mapema na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kuhusu cheti. Cheti kiwe kile kile wanachopata wengine, bila neno lolote linaloonyesha kilitolewa ndani ya Chuo.

Hatua ya 5: Endesha vikao vya fikra

Ufundi peke yake hautoshi. Mwizi aliyejua useremala bila kubadili fikra ni mwizi mwenye patasi. Fanya vikao viwili kila wiki, kila kimoja dakika 90. Kwa mtu wa hatari ya kati lenga masaa 100 hivi kwa jumla, na kwa wa hatari kubwa masaa 200 au zaidi. Semina ya siku tatu inampa mtu soda na cheti, haimbadilishi.

Kikao kiende hivi:

1. Salamu na dua fupi. Asiye Muislamu aombe kwa njia yake au akae kimya, asilazimishwe.
2. Kila mmoja aseme jambo moja lililomkera wiki hii na alilifanyia nini.
3. Chukueni tukio moja, mlichore ubaoni kama mnyororo: nilikuwa barazani, simu ikalia, nikasema "mara moja tu," nikapanda bodaboda, nikaona mlango wazi. Kisha uliza kundi, "Mnyororo huu ungekatika wapi kwa urahisi zaidi?" Karibu kila mara watasema kwenye simu. Kule mlangoni mambo yameshachelewa.
4. Igizeni. Mmoja awe rafiki wa zamani aliyekuja na pikipiki, mwingine akatae. Jibu liwe fupi: "Siendi, mama ananisubiri." Warudie mpaka neno litoke bila kufikiri. Kijana anayeanza kujieleza sana ameshashindwa, maana kila sababu atakayoitoa rafiki ana jibu lake.
5. Kazi ya kufanya kabla ya kikao kijacho.

Tahadhari: usihutubie. Ukisema wewe zaidi ya robo ya kikao, umeharibu. Usitishe pia. Programu za kuwapeleka vijana gerezani ili waogope zilijaribiwa Marekani, na utafiti ukaonyesha kwamba ziliongeza makosa badala ya kuyapunguza. Na usimwaibishe mtu mbele ya wenzake, hata kama amekudanganya.

Hatua ya 6: Unga una sheria zake

Kama mwanafunzi alikuwa anatumia unga, soma sehemu hii mara mbili. Mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kipimo cha zamani. Akitoka na kurudia kile alichokizoea, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote. Mwambie yeye, mwambie na mama yake, kwa maneno haya haya.

Aliye kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, asikatishwe. Wasiliana na kliniki ya Kidongo Chekundu, au na anayemsimamia dawa zake, kabla ya tarehe ya kutoka, ili dozi ya kesho yake iwe na mahali. Kwa anayetaka kukaa mbali na maskani yake, nyumba za upataji nafuu, zile wanazoziita soba hauzi, zimewasaidia wengi. Nafasi itafutwe kabla, na aende kwa hiari yake.

Ukimkuta mtu amezimia, anakoroma kwa shida au midomo inageuka rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Msimmwagie maji, msimwache "alale kidogo."

Hatua ya 7: Nenda kwa sheha na kwa familia, kwa miguu yako

Barua haitoshi. Nenda mwenyewe, mwezi mmoja kabla, piga hodi, kaa, kunywa maji utakayopewa. Kwa sheha, omba mambo mawili tu: aijue tarehe, na mtu akiibiwa kijijini asianze na jina la huyu bila ushahidi. Sheha akishaahidi mbele ya wazee, ahadi hiyo humlinda kijana kuliko karatasi yoyote.

Familia ina maumivu yake, iachie nafasi. Mama mmoja wa Ng'ambo aliniambia, "Mwanangu, mimi nimemsamehe. Ila TV aliyoiuza ilikuwa ya dada yake, na dada yake hajanipigia simu tangu siku ile." Tulianza na dada. Kijana alikubali kulipa kidogo kidogo kutoka kwenye kofia zake, na siku anatoka aliyesimama langoni alikuwa dada.

Tahadhari kubwa: kesi za ubakaji, udhalilishaji wa watoto na kumpiga mke hazina suluhu ya kifamilia. Usimkutanishe mkosaji na aliyemdhuru, usibebe salamu zake, wala usiruhusu wazee wamshinikize mwathirika "yaishe." Mtu wa kesi hizo apangiwe makaazi mbali na mwathirika, na ustawi wa jamii wajue. Akikuambia kwamba anakusudia kumdhuru mtu, siri imekwisha. Mjulishe hivyo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Siku 90

- Siku ya kutoka: mtu wa programu awe langoni asubuhi na mapema.
- Siku ya tatu: nenda nyumbani kwake. Angalia kama amelala hapo, kama amekula, kama kitambulisho kimefika.
- Wiki nne za kwanza: muone kila wiki, uso kwa uso. Simu haikuonyeshi macho ya mtu.
- Mpaka siku ya 90: kila wiki mbili, kazini kwake ikiwezekana. Zungumza na fundi wake pia.

Mwingize kwenye kikundi cha hisa (cha kuweka na kukopa) au mchezo wa mtaa, lakini asipewe kuwa mshika fedha. Unampa jaribu asilolihitaji bado.

Hatua ya 9: Hesabu kwa ukweli

Andika wote walioanza, pamoja na walioacha. Ukiwahesabu waliomaliza peke yao utajidanganya, kwa sababu wanaomaliza mara nyingi ndio waliokuwa na nafuu tangu mwanzo. Baada ya miezi 6 na miezi 12 uliza mambo matatu: yuko nje? ana kazi? analala wapi?

Mambo yakiharibika

*Mahudhurio yameshuka ghafla.* Tazama kalenda kwanza. Ramadhani hamisha vikao viwe asubuhi na uvipunguze viwe dakika 60. Kwa waliokwisha kutoka, usiwaite siku za bamvua wala wakati karafuu zinachumwa.

*Ofisa uliyezoeana naye amehamishwa.* Nenda kwa mpya na ruhusa yako ya maandishi na daftari la mahudhurio, mwombe akae kikao kimoja kizima. Usimlinganishe na aliyemtangulia.

*Familia imekataa katakata.* Usiwalazimishe. Tafuta mjomba, shangazi au babu upande wa pili, mara nyingi kijiji cha mama humpokea mtu ambaye kijiji cha baba kimemchoka.

*Fundi anamtumikisha bila malipo.* Makubaliano yaandikwe kabla: muda wa kujifunza, chakula, nauli, na lini malipo yanaanza. Akikiuka, mtoe kijana haraka. Anayedhulumiwa kazini huanza kuikumbuka njia yake ya zamani.

*Mmoja anavuruga kundi.* Muite pembeni baada ya kikao, muulize nini kimetokea wiki hii. Mara mbili nimekuta ni habari ya msiba iliyomfikia ndani, na hakuna aliyempa pole.

*Ameteleza, ametumia unga au ameonekana maskani.* Muone siku hiyo hiyo, usingoje zamu yake. Toeni karatasi ya siku ya kutoka, mtafute ni kipi kati ya vile saba kilichokatika. Yule kijana wa boti nilimkuta tena ndani miaka miwili baadaye. Tulianza upya na namba ya 3, na safari hii tiketi ya Mkoani niliishika mimi mkononi, nikapanda naye.